Kipande cha Katikati

Mlisema sitafika mzunguko wa nne.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi mliolisema mko hapa chini ya hema hili, na chai bado haijaletwa, kwa hivyo hakuna atakayeondoka. Pale stegi ya bodaboda mlisema mkono uliozoea kufunga nondo hauwezi kushika sindano ya kroshia. Kwenye kinu cha kusaga mahindi mlisema mwanamume akionekana na uzi mapajani, boma lake limekwisha. Shemeji yangu mmoja, sitamtaja, lakini ndiye huyo anayeangalia viatu vyake, alisema atanipa jogoo siku nitakayomaliza kipande kimoja chenye pembe nne. Jogoo huyo bado namngoja.

Ndugu zangu, mwenyekiti ameniomba niwaambie nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitawaambia kwa mpangilio, kwa sababu mimi ni mtu wa mpangilio. Nina diploma ya ujenzi. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuponda kokoto kule mlimani, bila mjomba wala mfadhili. Nilikwenda Qatar nikiwa fundi wa kawaida, nikarudi nikiwa msimamizi wa watu wa mataifa sita, na waliniita injinia ingawa sikuwaomba. Nyumba yangu mnaijua. Ni ile ya mawe pale mtelemkoni, yenye vigae vya bluu, ambayo mgeni akielekezwa njia huku Khayega huambiwa, ukiiona hiyo, kata kushoto. Sisemi haya ili mnisifu. Ni kweli, na ni vizuri mjue mtu aliyeanguka alikuwa amesimama wapi.

Mke wangu alikuwa kwenye kikundi hiki cha akina mama tangu siku mlipokuwa mkikutana jikoni kwa mtu. Kwa wageni nitaeleza kidogo. Binti wa mwanachama akitarajia mtoto wa kwanza, kikundi humfumia blanketi. Kila mama hufuma kipande kimoja cha mraba nyumbani kwake, kwa rangi anazotaka, kisha vyote huunganishwa siku moja. Lakini kipande cha katikati hufumwa na mama mzazi peke yake. Mkono mwingine haukigusi. Kama mama hayuko tena, anakifuma mtu wa nyumba yake, si mwingine.

Mimi mambo hayo sikuyapenda. Nikipiga simu ya video baada ya kazi, namwona ameinamisha kichwa, vidole vinatembea. Siku moja nikamuuliza anaongea na mimi ama na uzi. Akasema, "Naongea na wewe. Mikono tu ndiyo inaongea na uzi." Nikamwambia aachane na kazi ya watu wasio na kitu, mablanketi nitanunua. Nikatuma matatu, yale mazito ya Uarabuni yenye picha ya chui. Alinishukuru, akayakunja, akayaweka juu ya kabati, ya wageni. Yako huko mpaka leo. Chui hao hawajawahi kumfunika mtu.

Alikufa Jumatatu alfajiri. Presha. Alikuwa ameamka kuwasha moto. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee, ameolewa Likuyani na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Ndiye aliyenipigia. Mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Nikamwambia kampuni imekataa kuniachilia. Akaniuliza mara mbili, nikajibu hivyo hivyo mara mbili. Mkamzika bila mimi. Nilifika Jumatatu iliyofuata, maua ya karatasi yakiwa yameshalowa mvua. Lishikeni hilo neno la kampuni. Nitalirudia.

Sasa mnangoja niwaambie jinsi nilivyolia. Sikulia. Mlikuja jioni mkaketi, mkanong'onezana kwamba analia kwa ndani. Hapana. Ndani hakukuwa na mtu. Nilikula obusuma, ugali wetu, na mboga alizoleta jirani, na nikiulizwa baadaye ilikuwa mboga gani, sikujua. Mvua ikinyesha mchana niliona maji yakitiririka dirishani, lakini sauti yake siisikii mpaka mtu aseme, leo mvua ni kubwa. Wengine mnangoja niseme nilianza kunywa. Sikunywa. Mlevi ana mahali anapokwenda na ana mahali anaporudi. Mimi nilikaa kwenye kiti. Kutoka kazini Qatar walinipigia simu kuniuliza narudi lini, nikaiacha simu ilie mpaka wakachoka.

Kitu kimoja tu nilifanya wiki ile ya kwanza. Nilitoa sandukuni picha yangu ya siku tuliyokabidhi jengo letu la mwisho. Mnaijua hiyo picha. Ina fremu ya dhahabu, nimevaa suti, nimeshikana mkono na mwenye jengo, na nyuma yetu ni ghorofa ishirini na mbili. Nikapiga msumari ukutani sebuleni, mbele ya kiti alichokuwa akikalia mke wangu, nikaitundika. Wengi wenu mlisimama mbele yake mkaniambia nimefika mbali. Binti yangu alipokuja kuchukua nguo za mamake alisimama hapo pia, muda mrefu kuliko nyinyi. Alifunga nguo kwenye leso, akaondoka, na tangu siku hiyo hakushika simu yangu.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mwenyekiti wetu alibisha mlangoni, pamoja na akina mama wengine wawili na mfuko wa uzi.

"Mulembe, shemeji," akasema, akaketi kabla sijamkaribisha.

Akatoa kipande kwenye mfuko. Kilikuwa na mizunguko mitatu. Moyo wa manjano, kisha mweupe, kisha bluu, na sindano ya kroshia bado imo kwenye kitanzi cha mwisho, vile alivyoiacha. Mwenyekiti akaniambia vipande vya akina mama wengine vimekwisha, wamevipanga sakafuni kanisani, na katikati kuna shimo. Walimwomba binti akimalizie, akakataa. Nikauliza alisema nini hasa. Aliwatazama wenzake kwanza.

"Amesema tukuachie wewe. Amesema wewe ni fundi, una diploma."

Nilijua ni tusi. Halikuniuma. Wakati huo hakuna kitu kilichoniuma. Lakini hesabu nilikuwa bado naijua. Mtoto angezaliwa katika miezi minne isiyotimia, na shimo hilo lisipozibwa, binti yangu hangekuwa na sababu ya kukanyaga kwangu tena, yeye wala mtoto wake. Nyumba ya mawe ingebaki na mtu mmoja na chui watatu. Nikauchukua mfuko.

Nilianza kama ninavyoanza kazi yoyote. Nilinunua karatasi za kuchorea ramani, nikachora kipande kizima kwa vipimo, kila uzi uliosimama nikauita nguzo, kila pembe nikaipa namba. Tatu zikisimama pamoja ni kishada kimoja. Mzunguko wa kwanza vishada vinne, wa pili vinane, wa tatu kumi na viwili. Ukienda hivyo mpaka wa nane, kipande kimetimia. Hakuna jambo la kumshinda mtu aliyesimamia ghorofa ishirini na mbili. Kipande cha mke wangu sikukigusa. Nilitaka kwanza nijizoeze kwa vingine.

Cha kwanza kilitoka kikombe. Nasema kikombe kweli, kilisimama chenyewe mezani. Nikakipeleka sokoni kwa mama mmoja wa kikundi hiki, aliye mkubwa wenu kwa umri, anayeuza nyanya. Aliivuta pembe moja, akaiachilia, ikarudi.

"Mwanangu," akasema, "hii unaweza kutilia chai."

Nikamwonyesha mchoro wangu. Hesabu ilikuwa kamili, hakuna nguzo iliyopungua. Hakuutazama. Aliniambia niketi kwenye kreti nifume akiona. Baada ya vitanzi vitano akanishika mkono.

"Unavutanga kama unafunga nondo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa wasiojua, nondo hufungwa kwa waya, na waya huzungushwa kwa koleo mpaka uume. Usipouma, zege likimwagwa nondo zinahama, na siku moja slabu inapasuka. Nimewahi kufukuza watu kazi kwa sababu ya waya uliolegea. Mkono wangu haukujua kufunga kitu kwa njia nyingine. Kila kitanzi nilikivuta mpaka kikaacha kupumua, kisha nikashangaa mbona kitambaa kinajikunja.

Nikaendelea. Kila siku asubuhi nilikwenda kwenye kibanda cha nyanya, nikakaa kwenye kreti, nikafuma vikombe. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo wakipita. Mmoja alikuwa ananiuliza, kwa heshima kabisa, "Injinia, hizo kofia za kuku unauza aje?" Sikukasirika. Ningekasirika ningefurahi, maana ingekuwa dalili ya kitu. Mikono ilifanya, nami nikaitazama kama mtu anayetazama mafundi wa mwenzake.

Uzi wa kwenye mfuko ukaisha, kwa sababu uzi uliokazwa hivyo ukiufumua unatoka umejipinda na haufai tena. Hapo ndipo akina mama hawa waliponikopesha. Walikuwa kumi na wanne, kila mmoja akaniletea donge moja la uzi. Mama wa nyanya alinipa donge la manjano alilotoa chini ya kibanda chake. Na polepole, ndugu zangu, vikombe vikawa visahani.

Alasiri moja, mvua ilipotufungia chini ya turubai, mama huyo akasema nimpe sasa kile kipande chenyewe. Nilikuwa nacho mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi. Tukakilaza juu ya kreti. Nikahesabu. Mzunguko wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu hesabu ilikuwa sawa, lakini pande mbili zimelala na pande mbili zimeinuka. Nusu ya mzunguko huo ilikuwa imekazwa kama yangu. Nikasema, kama ambavyo ningesema kwenye jengo, kwamba hapo pabomolewe paanzwe upya.

Mama alipitisha kidole. "Huyu alikuwanga na mkono mwepesi kutushinda sisi wote," akasema. "Hapa mkono ulikaza. Sijui alikuwa anasikia nini."

Mimi nilijua. Alikuwa ananisikia mimi. Ilikuwa Jumapili, siku moja kabla hajafa. Alikuwa ameinua hicho kipande mbele ya simu ili nione moyo wake wa manjano, na akasema jengo likikabidhiwa nitakuja nimwone mjukuu wetu akizaliwa, kama nilivyoahidi. Nikamwambia nimetia sahihi mkataba wa miaka mingine miwili. Nilikuwa nimetia sahihi wiki tatu kabla, bila kumuuliza. Hakubishana. Vidole viliendelea. Mwishowe akasema, "Sawa." Sisemi hilo ndilo lililomwua. Daktari hakusema hivyo, na mimi si daktari. Nasema uzi ulikuwa mkononi mwake, na uzi ulikaa vile ulivyovutwa.

Basi nikamwambia mama wa nyanya hilo, kisha na lile la kampuni. Kampuni haikukataa. Ruhusa nilipewa Jumanne, siku moja baada ya kifo, na mkubwa wangu aliniambia niondoke jioni hiyo. Ningefika mapema, ningemwona kabla ya sanduku kufungwa. Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi jengo, na mimi nilitaka kuwa kwenye ile picha.

Naona mnatazamana. Ni sawa. Nilisema yote hayo kwa sauti ile ile ninayotumia hivi sasa, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mama alichukua nyanya tatu, akaziweka chini, akasimamisha ya nne juu yake.

"Hayo mwambie msichana wako," akasema. "Mimi nauza nyanya."

Kesho yake nikaenda Likuyani. Mnajua kwetu baba haendi kwa binti aliyeolewa bila kualikwa, kwa hivyo sikuingia bomani. Nilisimama barabarani, karibu na mahali walipoanika mahindi, nikatuma mtu aniitie. Alikuja, tumbo limekuwa kubwa. Hakunisalimu, na mimi sikungoja salamu.

"Kampuni haikunikataza kuja," nikasema.

"Najua, Baba."

Nikamuuliza alijuaje. Aliinama, akatoa gunzi kwenye mahindi, akalitupa kando.

"Tarehe imeandikwa chini ya picha. Uliitundika mwenyewe." Kisha akasema, "Na ulikuwa unacheka."

Ndugu zangu, nawaambia, nina diploma, nimesoma ramani za kurasa mia, na tarehe ya mazishi ya mke wangu ilikaa ukutani kwangu miezi hiyo yote kwenye fremu ya dhahabu. Mimi sikuisoma. Nanyi mlioisifu hamkuisoma. Aliisoma mtu mmoja, na alikuwa anangoja nimwambie.

Nilikitoa kipande, nikamwonyesha pale palipokazwa, nikamweleza ilikuwa Jumapili gani na mamake alisikia nini. Nikasema mzunguko huo nitaufumua niufume upya, kosa litoke. Alikichukua, akakiweka juu ya tumbo lake, akapapasa zile pande mbili.

"Usifumue ya Mama," akasema. "Endelea hapo hapo alipoachia."

Akanirudishia, akarudi kwenye mahindi. Hakunikaribisha.

Nilipofika nyumbani niliishusha ile picha, nikaigeuza, nikaiweka nyuma ya kabati. Msumari niliuacha. Kisha nikaketi kwenye kiti cha mke wangu, nikashika sindano yake palepale ilipokuwa, nikaanza mzunguko wa nne, huo mliosema sitaufikia.

Sasa mniruhusu nijisifu kidogo, kwa sababu kazi hiyo wachache wangeiweza. Mzunguko uliokazwa huwezi kuunyoosha kwa nguvu. Unalegeza unaofuata, kidogo tu, na zaidi kwenye pande zile mbili, na unaofuata tena, mpaka kilichoinuka kikubali kulala. Mwenye kujenga juu ya msingi uliopinda anajua ninachosema. Nilifika wa nane. Nikakilowesha kwa maji, nikakivuta juu ya ubao, nikakipigilia misumari midogo pande zote, nikapima kila pembe kwa skwea ya seremala. Baada ya siku mbili nikakitoa. Pembe nne, zote sawa. Ukiweka kiganja katikati unasikia mahali panapoinuka kidogo, kwenye bluu. Hapo nilipaacha.

Akina mama walikishonea pale penye shimo, shimo likaisha. Mtoto akazaliwa, msichana, na alipofikisha wiki tano binti yangu alimleta. Hakutangaza kwamba anakuja. Aliketi kwenye kiti cha mamake, akatazama msumari mtupu ukutani, kisha akaninyooshea mtoto akiwa ndani ya blanketi. Sikulia hata siku hiyo, msinisingizie. Nilimpakata tu. Uzi ulikuwa unakwaruza kidogo kwenye kidole nilichojidungadunga, na nikiwa nimeketi hivyo nikasikia mvua imeanza kwenye vigae. Niliisikia mwenyewe kabla mtu hajasema.

Nawashukuru akina mama wa kikundi hiki, ambao mlicheka vikombe vyangu na bado mkaniletea uzi. Namshukuru mwenyekiti kwa kuketi kabla hajakaribishwa. Namshukuru binti yangu, ambaye leo yuko Likuyani na hajui kama nasema haya. Na funzo langu ni fupi. Ukiulizwa kwa nini hukuja, sema siku uliyopewa ruhusa na sema ulibaki kwa sababu gani. Liseme likiwa bado bichi, kabla hujaliwekea fremu.

Kisha kulikuwa na deni la uzi. Nilikwenda Kakamega mjini nikanunua gunia zima la madonge, uzi bora kuliko wenu, nikampelekea mwenyekiti kwa bodaboda agawe. Alilirudisha gunia kwa bodaboda ile ile. Alisema uzi wa kikundi haulipwi kwa uzi wa dukani, unalipwa kwa kipande. Nikaketi tena kwenye kreti. Nilifuma vipande kumi na vinne, na siku nilipomaliza nikavaa suti yangu nikapita nyumba kwa nyumba. Kumi na watatu walipokea, wengine walivigeuza kuona nyuma, na shemeji aliyeniahidi jogoo aliniona nikipita akaingia ndani.

Wa mwisho alikuwa mama wa nyanya. Nilimpa cha manjano. Alivuta pembe, akaiachilia, ikabaki pale alipoiacha. Alikilaza juu ya nyanya, akakitazama, kisha akakikunja akanirudishia.

"Lile donge nililokupa halikuwa langu," akasema. "Nilikopa kwa mke wako, akafa kabla sijamlipa. Peleka kwenu."

Nikakipeleka. Msumari ulikuwa bado uko ukutani, mbele ya kiti chake. Nilikitundika hapo, nikakisawazisha kwa kidole, na siku hiyo hakuna aliyenikopesha ambaye sikuwa nimemlipa.